Kugawa Sawa Si Kugawa Haki

Kuna wiki mbili mathe hakuniongelesha. Nyumba ni moja, hapa hapa Kitengela, sufuria ni moja, lakini maneno yote yalikuwa yanapitia kwa ndugu yangu mdogo. "Mwambie huyo chakula kiko tayari." Huyo ndiye mimi.

Kosa langu? Nilifanya hesabu ya shule ya msingi mbele ya wanawake wa chama chake.

Nitawaeleza yote, lakini inabidi nianze na maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyoniingiza kwa hii maneno.

Ukiishi Kitengela unajua vile maji ya mfereji huwa. Leo yako, kesho hayako, wiki ijayo uliza jirani. Na maji ya visima mengi huku yana chumvi, chai inatoka na ladha yake ya ajabu. Kwa hivyo tunanunua. Asiye na tangi ananunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni. Mwenye tangi anaita lori.

Kwetu tuko nyumba tatu ndani ya geti moja, na tunaita lori pamoja. Lori ni lita 10,000, na siku ninayosema bei ilikuwa elfu saba. Nyumba ya kwanza ina tangi la lita 5,000, ya pili lita 3,000, sisi lita 2,000. Matangi yote yalikuwa yamekauka kabisa. Lori likamwaga maji, likaenda, halafu jirani wa tangi kubwa, mzee mpole sana, akasema kama kawaida, "Tugawe kwa tatu tu, sisi ni majirani."

Elfu saba gawa kwa tatu ni 2,333 na senti. Mathe akatoa. Mimi nikasimama hapo nikishika simu nikiwaza mambo yangu.

Ni usiku ndiyo kitu kikaniuma. Lita 10,000 kwa shilingi 7,000 ni senti 70 kwa kila lita. Sisi tulipata lita 2,000. Senti 70 mara 2,000 ni shilingi 1,400. Tumelipa 2,333. Hiyo ni 933 juu ya maji yetu. Mzee alipata lita 5,000, zilifaa kumgharimu 3,500, naye ametoa 2,333. Tumemlipia maji. Sisi wenye tangi dogo, ambao mathe anauza mboga soko la Noonkopir, tumemlipia maji mtu mwenye gari mbili.

Halafu lori huja mara mbili kwa mwezi. 933 mara mbili, mara miezi kumi na mbili, ni zaidi ya elfu ishirini na mbili kwa mwaka. Na ukweli usemwe, hakuna mtu aliyetuibia. Mzee hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kila mtu pale getini aliona "kugawa kwa tatu" ni haki, kwa sababu imekaa kama haki. Sote tumetoa kiasi sawa, shida iko wapi?

Shida ni kwamba sawa na haki ni vitu viwili. Na kitu kinachovitenganisha kinaitwa uwiano.

Sasa usinikimbie. Najua wengi wenu mkisikia hilo neno mnakumbuka yale maswali ya shuleni: wanaume sita wanachimba shimo kwa siku nane, je wanaume kumi na wawili watachimba kwa siku ngapi. Mimi nilikuwa nayajibu hayo bila kujua ninachofanya. Unazidisha juu, unagawa chini, unaomba Mungu. Hakuna siku nilijiuliza hao wanaume walilipwa vipi, au kama yule aliyekuja siku ya tano alipewa sawa na aliyechimba kutoka siku ya kwanza. Lakini mtaani hilo ndilo swali la kwanza kabisa. Shimo litaisha tu. Watu wanapigana kwa sababu ya malipo.

Wacha niiweke vile mimi mwenyewe nimeielewa.

Matangi yetu ni 5,000 na 3,000 na 2,000. Toa sifuri, unabaki na 5 kwa 3 kwa 2. Huo ndio uwiano. Jumlisha: mafungu 10. Gharama ni 7,000, kwa hivyo fungu moja ni 700. Mzee ana mafungu matano, 3,500. Nyumba ya kati ina matatu, 2,100. Sisi tuna mawili, 1,400. Jumlisha uone kama inarudi elfu saba. Inarudi. Imeisha. Hakuna fomula ya kukariri hapo. Ni kuuliza tu, fungu moja ni ngapi, na mimi niko na mafungu mangapi.

Na maji yenyewe yanafuata bei moja kwa moja. Ukichukua maradufu unalipa maradufu. Ukichukua nusu unalipa nusu. Usipochukua hata tone, hulipi hata bob. Hicho cha mwisho watu wanakisahau, na ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. Kama kitu kinapanda kwa uwiano wa moja kwa moja, ukigawa bei kwa kiasi lazima upate jibu lile lile kila mara, na ukiwa na sifuri huku, uwe na sifuri kule.

Vitu vingi mtaani vinajifanya hivyo na si hivyo. Ukituma pesa kwa simu, makato ya M-Pesa yanaenda kwa ngazi. Kutuma 150 na kutuma 500 unakatwa kiasi kile kile, kwa hivyo anayetuma kidogo anakatwa zaidi kwa kila shilingi. Matatu pia. Kutoka Kitengela hadi Nairobi ni kama kilomita 30, na mvua ikinyesha kilomita hazijaongezeka hata moja lakini nauli imeruka. Na wale wa mtungi? Mtungi wa lita 20 ukiuziwa bob 20 umenunua lita kwa shilingi nzima. Mwenye tangi anainunua kwa senti 70. Maskini analipa zaidi kwa kila lita, halafu anaambiwa ajifunze kuweka akiba.

Basi kesho yake nilimwandikia mathe hesabu kwa karatasi, akaisoma mara mbili, akaenda nayo kwa mzee. Nilikuwa naogopa itakuwa kesi. Mzee aliangalia, akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, nisamehe, sijawahi kuifikiria hivyo." Kutoka siku hiyo tunalipa 5 kwa 3 kwa 2. Mathe alijivunia mimi vibaya sana. Alimwambia kila mtu sokoni. Mtoto wangu ana akili, mtoto wangu anajua hesabu za haki.

Hizo sifa zilidumu miezi mitatu hivi.

Chama cha mathe kina wanawake wanne. Mwalimu mstaafu, mama wa hoteli, mama wa mitumba, na mathe wangu. Walikuwa wameungana kununua shamba, eka moja, huko mbele ya Kisaju ukielekea Isinya. Bei ilikuwa milioni mbili. Kila mmoja alitoa alichoweza. Mwalimu alitoa laki nane kutoka kwa malipo yake ya kustaafu. Mama wa hoteli laki tano. Mama wa mitumba laki nne. Mathe laki tatu, na hizo laki tatu ni miaka kumi na moja ya sukuma wiki na nyanya. Ninazijua hizo pesa. Nimezibeba sokoni nikiwa bado mtoto, zimefungwa kwa leso.

Dalali akawaambia kile madalali wa huku humwambia kila mtu: eka moja inatoa ploti nane za 50 kwa 100. Wanawake wakafurahi. Ploti nane, watu wanne, kila mtu mbili. Hesabu imekaa vizuri mpaka inaimba.

Wakaniita siku ya mkutano niwaandikie mukhtasari wa kikao, kwa sababu nina laptopu na kwa sababu mathe alikuwa anataka kunionyesha. Nikaketi pale, nikapewa soda. Mwenyekiti akasema, andika, kila mwanachama atapata ploti mbili.

Nikaandika. Halafu nikaangalia ule ukurasa wa michango, uko hapo hapo juu ya ukurasa wa ploti. Laki nane, tano, nne, tatu. Na nikaona maji. Wallahi niliona tangi la lita 5,000 na tangi la lita 2,000, ila safari hii sisi ndio tulikuwa mzee.

Hebu fuateni. Milioni mbili kwa ploti nane, ploti moja ni 250,000. Mathe ametoa 300,000 na anapewa ploti mbili za thamani ya nusu milioni. Mwalimu ametoa 800,000 na anapewa ploti mbili, nusu milioni. Mwalimu anapoteza laki tatu. Mathe anapata laki mbili ambazo hakutoa. Mwalimu mwenyewe ameketi pale ametulia, anatikisa kichwa kukubali, kwa sababu wote ni marafiki na neno "sawa" ni tamu.

Ningenyamaza. Nitakuwa mkweli, nilifikiria kunyamaza. Ilikuwa ploti ya mamangu. Ilikuwa pengine ploti yangu siku moja. Na hakuna mtu angejua, kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameuliza.

Lakini miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimempelekea mzee wa watu karatasi nikamwambia hii si haki. Kama uwiano ni haki wakati unaniongezea, basi ni haki wakati unanipunguzia. La sivyo haikuwa hesabu, ilikuwa ujanja.

Nikasema, "Samahani mama zangu, kuna kitu hakijakaa sawa." Na nikawaonyesha.

8 kwa 5 kwa 4 kwa 3. Jumla mafungu 20. Ploti nane gawa kwa mafungu 20, kila fungu ni ploti 0.4. Mwalimu, mafungu nane, ploti 3.2. Mama wa hoteli, ploti mbili kamili. Mama wa mitumba, ploti 1.6. Mathe, ploti 1.2.

Kimya. Mtu anawezaje kumiliki ploti 1.2? Mama wa mitumba akauliza hilo, na alikuwa na haki ya kuuliza. Huwezi kujenga choo kwa 0.2. Hapo ndipo pesa huingia kusawazisha. Mwalimu achukue ploti tatu, ile 0.2 yake arudishiwe pesa: 0.2 mara 250,000 ni elfu hamsini. Mathe achukue ploti moja, 0.2 yake pia arudishiwe elfu hamsini. Mama wa mitumba achukue ploti mbili, lakini haki yake ni 1.6, kwa hivyo anaongeza 0.4, ambayo ni laki moja. Hiyo laki moja ndiyo inagawanywa kwa mwalimu na mathe. Mama wa hoteli haguswi. Tatu, mbili, mbili, moja. Ploti nane. Hakuna shilingi imebaki mezani, hakuna shilingi imepotea.

Mwalimu alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwalimu wa msingi miaka yake yote, na nafikiri alikuwa ameijua hiyo hesabu kabla hata sijafungua mdomo. Mama wa mitumba akasema atatafuta hiyo laki. Na mathe wangu akasema kitu kimoja tu, polepole, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mwanzo wa zile wiki mbili.

Katika hizo wiki mbili nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Mathe hakuwa mjinga na hakuwa mwizi. Siku moja alivunja ukimya kwa dakika tatu hivi kunipa hoja yake, na ni hoja nzito. Alisema: "Mwalimu alitoa laki nane na bado ana pensheni kila mwezi. Mimi nilitoa laki tatu na hakuna kilichobaki. Nani ametoa zaidi?"

Sikuwa na jibu. Bado sina lote. Lakini hilo swali lilinifungua macho, kwa sababu lilinionyesha kwamba uwiano peke yake hausemi haki ni nini. Uwiano unasema tu, ukishachagua kipimo, fuata hicho kipimo mpaka mwisho. Swali la kwanza kabisa linakuja kabla ya kalkuleta: tunagawa kulingana na nini?

Angalia historia ya hii ardhi tunayoishi. Kitengela yote ilikuwa ranchi ya kikundi, ardhi ya Wamaasai kwa pamoja, chini ya ile sheria ya 1968 ya wawakilishi wa vikundi vya ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Fikiria ungekuwa kwenye hicho kikao. Ugawe kulingana na nini? Kwa kichwa cha mwanachama? Kwa idadi ya ng'ombe? Kwa ukubwa wa familia? Na wanawake na vijana ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya wanachama, wao ni fungu gani? Hapo hakuna aliyenunua, kwa hivyo kipimo cha pesa hakina maana. Ukigawa sawa kwa kila mwanachama unaweza kuwa karibu na haki, na ukigawa kwa ng'ombe unampa tajiri zaidi. Kwenye chama cha mathe ni kinyume.

Ama toka ardhi uende kwa pesa za serikali. Mwaka wa 2020 Seneti yetu ilikwama wiki kwa wiki ikibishana fomula ya kugawia kaunti pesa. Mnaikumbuka ile kelele ya mtu mmoja, shilingi moja? Hiyo yote ilikuwa uwiano. Kwa sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Kajiado watu 1,117,840. Hiyo ni kama 4 kwa 1. Sasa chukua ukubwa. Kajiado ni zaidi ya kilomita za mraba 21,000, Nairobi ni kama 700. Hiyo ni 30 kwa 1, upande wa Kajiado. Ukigawa pesa kati ya hawa wawili kwa idadi ya watu, Nairobi inachukua shilingi nne Kajiado ikichukua moja. Ukigawa kwa ukubwa wa ardhi, Kajiado inachukua thelathini Nairobi ikichukua moja. Kalkuleta ni ile ile. Wote wawili wamepiga hesabu sahihi. Ndiyo maana mwanasiasa akikwambia "hii ndiyo fomula ya haki", usimuulize amezidishaje. Muulize amepima nini.

Kuna mfano mwingine wa hapa hapa naupenda, kwa sababu unaonyesha pia mahali ambapo uwiano unachoka. Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na tangu zamani nyumbu na pundamilia walikuwa wakitoka mbugani kuja tambarare za Kaputiei wakati wa mvua. Ua zilipoanza kujaa, mwaka wa 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela ili wasiweke ua na wasiuze. Malipo yalikuwa dola 4 kwa kila eka kwa mwaka, na yalikuja kwa awamu tatu, wakati wa karo. Huo ni uwiano safi. Eka 10, dola 40. Eka 100, dola 400. Eka sifuri, hakuna kitu.

Lakini pundamilia hatembei kwa uwiano. Mashamba mia yakibaki wazi na moja lililo katikati ya njia likawekwa ua, huwezi kusema njia bado iko wazi asilimia 99. Inaweza kuwa imefungwa kabisa. Ule ua mmoja ulilipwa, au haukulipwa, kama eka nyingine yoyote, na kazi yake haikuwa ya eka nyingine yoyote. Kuna vitu havigawanyiki kwa mafungu, na mtu anayejua hesabu vizuri ndiye wa kwanza kukubali hivyo.

Chama chenyewe kilikutana na kitu kama hicho. Mpima ardhi alipofika, ile ndoto ya 50 kwa 100 ilikufa saa hiyo hiyo. Na hii tafadhali soma pole pole, kwa sababu wengi wenu mtanunua ploti huku siku moja.

Eka ni futi za mraba 43,560. Thumuni ya eka ni 5,445. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi 5,000. Kwa hivyo mtu akikuuzia 50 kwa 100 akiita thumuni ya eka, tayari futi 445 zimeenda, ambayo ni kama asilimia 8. Halafu kuna barabara. Shamba la mathe ni mraba wa karibu futi 208.7 kila upande. Weka barabara ya futi 30 katikati ndiyo ploti za nyuma zifikiwe. Zinabaki futi 37,299. Gawa kwa nane, kila ploti ni kama futi 4,660, yaani takriban 52 kwa 89. Wao walifikiri wamenunua futi kwa shilingi 50. Ukweli ni karibu shilingi 54.

Ni nani alipaswa kubeba hasara ya barabara? Kulingana na nini tena? Waliikata kwa wote, kila ploti ikapungua kiasi sawa, na hapo kukata sawa kulikuwa haki kwa sababu kila ploti inaitumia ile barabara. Halafu za mbele zilizo karibu na barabara kubwa na zile za nyuma hazina thamani moja, futi kwa futi, kwa hivyo wakapiga kura. Hesabu ilifika pale ikakaa kando, wakatumia vikaratasi kwenye kofia.

Mathe alipata ya nyuma kabisa. Alicheka mwenyewe.

Siku aliporudi kuniongelesha hakuomba msamaha na mimi sikuomba. Alikuja na zile elfu hamsini, akaziweka mezani, akasema nimsaidie kupiga hesabu ya nguzo na waya za kuzungushia ploti. Mzunguko wa 52 kwa 89 ni futi 282. Nguzo kila futi 10, kama 29 hivi. Tukaketi hapo tukizidisha mpaka saa nne usiku. Katikati ya hiyo hesabu akasema, akiwa ananiangalia chini ya miwani, "Mwalimu alinipigia simu. Alisema angenyamaza tu, lakini moyoni angekuwa amenihesabia." Halafu tukaendelea na nguzo.

Mimi sasa naona hivi, na mnaweza kukataa. Sisi vijana wa huku tunaona hesabu ni kitu cha watu wa uhandisi, halafu kila wiki tunagawana kitu: kodi, stima, maji, lifti ya gari, pesa ya kazi tuliyoshoot watatu. Tunagawa sawa kwa sababu hatutaki kuonekana wabahili. Kisha urafiki unakufa pole pole na hakuna anayejua umekufa na nini. Kuuliza "kulingana na nini?" si ubahili. Ni heshima. Unamwambia mwenzako, nimeona ulichotoa.

Na ukishajua kuuliza, iulize hata siku ambayo jibu linakula upande wako. Hasa siku hiyo.

Nikuachie moja ya leo usiku. Marafiki watatu wanakaa nyumba moja hapa Kitengela, kodi 18,000. Mmoja ana chumba chake peke yake, wawili wanalala chumba kimoja. Anayelala peke yake ndiye hapiki kabisa, hula nje. Tokeni za stima ni 1,500 kwa mwezi, na karibu zote zinaenda kwa koili ya kupikia.

Wamekuwa wakigawa kila kitu kwa tatu. Wewe ungegawaje? Na kabla hujashika kalkuleta, jibu lile swali la kwanza.